Sitakupa Damu Yangu

Mwanangu Severina,

Naandika nikiwa na hasira, na sitaisubiri ipoe. Ikipoa nitaanza kukuandikia habari za sweta na nauli, na hayo huhitaji kuambiwa. Umekwenda kwa shoga yako kusukwa. Utarudi jioni kichwa kinauma, utakula, utalala, na kesho utapanda treni. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Usinijie nayo chumbani kuniuliza. Isome ukiwa umeshakaa kwenye behewa, Ifakara imebaki nyuma.

Juzi mlikaa barazani, wewe na yule mwenzako unayekwenda naye mafunzoni, mkawa mnafanya mazoezi ya kuzungumza na wanakijiji. Mimi nilikuwa ndani kwenye cherehani, mkadhani kelele za mashine zinanizuia kusikia. Yeye alijifanya mama wa kijijini, kajitanda kitenge hadi puani. Wewe ulikuwa mtaalamu.

"Mama, tunaomba damu kidogo tu tukapime vinasaba."

Mwenzako akajibu kwa sauti ya kizee, "Hee, wajukuu zangu, ninyi si mumiani ninyi, wanyonya damu? Hamtaniuza Ulaya?"

Mkacheka mpaka ukashikilia nguzo. Halafu ukasema, sasa kwa sauti yako ya kawaida, "Tatizo la watu wetu ni uelewa mdogo. Wakielimishwa watatoa."

Jioni ile ile ukaja kukaa karibu yangu, ukawa unakunja sare nilizomaliza kushona. Ukaniambia mradi wenu ukianza hapa Viwanja Sitini ungependa mimi niwe wa kwanza. Ukasema, "Wewe unaheshimika, mama. Majirani wakikuona umetoa, nao watatoa." Nikakujibu kwamba sitaki. Ukacheka. "Mama na wewe! Unaogopa sindano?"

Siogopi sindano, Severina. Nimezaa watoto wawili na mmoja nimemzika kwa mikono yangu. Sindano ni nini? Nilinyamaza kwa sababu ningefungua mdomo jioni ile ningekutukana, na sijakuzoesha matusi. Sasa nimekaa na kalamu nikujibu. Mambo yale uliyotaka mimi niyafanye hapa mtaani nilishayafanya. Nilikuwa wa kwanza. Nilitoa, na wengine wakatoa kwa sababu yangu. Kaa usikilize ilivyokuwa.

Unajua kwamba mdogo wako Alfonsi alikufa kwa selimundu. Hilo sikukuficha. Nilichokuficha ni kwa nini alifia njiani huko milimani wakati sisi nyumba yetu ilikuwa kijiji cha bondeni, karibu na Mngeta, ambapo gari la kwenda hospitali linapita kila siku. Nilikuambia tulikwenda Masagati kumuuguza mama yangu. Mama yangu alikuwa mzima. Alikuwa anabeba kuni kuliko mimi.

Alfonsi alianza kuumwa kabla hajatembea. Vidole vya mikono na miguu vilivimba kama ndizi, analia mpaka sauti inakauka. Macho yakawa ya manjano. Bibi yako, mzaa baba yako, alisema mtoto ametupiwa kitu na majirani, akatuzungusha kwa waganga. Baba yako hakusema hivi wala vile. Alikuwa mtu wa shamba lake la mpunga, mpole, mwepesi wa kubeba mtoto usiku ili mimi nilale. Nakuandikia na hilo kwa sababu ni kweli, ingawa halinisaidii kumpenda.

Ndipo mradi ukaja. Walikaa kwenye ofisi ya kijiji, wana gari jeupe na masanduku ya barafu. Wakasema wanatafuta watoto wenye dalili kama za Alfonsi, pamoja na wazazi wao, wapime damu zetu wote wajue ugonjwa unatembeaje ndani ya ukoo. Wakasema watoto watapewa dawa muda wote wa mradi. Mimi nilikuwa sijalala sawasawa tangu mtoto yule aanze kulia. Nilikwenda mbio.

Aliyenipokea alikuwa kijana mmoja, msafi, mnyenyekevu, shikamoo nyingi. Alisoma karatasi ndefu haraka kama padri anayewahi misa ya pili. Nilikuwa na maswali mawili. Nikayameza, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na yeye alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja kikombe chake kirudi. Alipomaliza akanisogezea kidau cha wino niweke dole gumba. Severina, mimi nilimaliza darasa la saba, na mwandiko wangu mwalimu alikuwa anauonyesha kwa wengine. Hakuniuliza kama naweza kuandika. Aliona kanga na kandambili, akasogeza wino. Na mimi nikaweka dole. Nilijiambia nisimwaibishe kijana wa watu.

Mtoto alipimwa, mimi nikapimwa, baba yako akapimwa. Alfonsi akapewa dawa, na kweli akapata nafuu. Alianza kunenepa, akawa anamkimbiza kuku uani. Ungeniona siku zile ungecheka: nilikuwa naupigia mradi kampeni bila kutumwa. Nilipita nyumba kwa nyumba. Waliokuwa wanaogopa niliwaambia maneno kama yako ya barazani, kwamba mnakosa bahati kwa ujinga wenu. Kuna mama jirani, Msukuma, mumewe alimkataza. Nilikwenda kumsema mumewe mbele ya watu mpaka akaona haya, akakaa kwenye benchi akatoa damu. Watu walitoa kwa sababu walimwona mtoto wangu anakimbia.

Kisha majibu yakaja.

Ilikuwa alasiri. Tulikuwa tunapeta mpunga uani, mimi, bibi yako, shangazi zako na baba yako. Wewe ulikuwa unacheza kwenye makapi. Yule kijana akafika na pikipiki, akakaribishwa kiti, akapewa maji. Alipaswa kuniita pembeni. Alipaswa kumwita na baba yako pembeni, kila mtu peke yake, au arudi siku nyingine. Lakini alikuwa na nyumba nyingi za kupita, na bibi yako akamwambia, "Sema tu mwanangu, sisi wote ni wa nyumba moja." Akasema.

Akasema Alfonsi ana selimundu kamili. Akasema mama amebeba kinasaba chake, haumwi lakini anaweza kumrithisha mtoto. Akageuza ukurasa. Akasema baba hana.

Baba yako akauliza, bila ubaya wowote, "Kwa hiyo imetoka kwa mama peke yake?"

Yule kijana angeweza kusema sijui. Angeweza kusema nitakwenda kuuliza, huenda kuna kosa. Lakini alikuwa amesoma, na swali lilikuwa jepesi kwake. Akajibu, "Hapana. Kitaalamu mtoto hawezi kuupata mpaka wazazi wote wawili wawe nacho."

"Na mimi sina."

"Wewe huna."

Ungo wa bibi yako ulisimama hewani. Mimi bado sikuelewa. Nakuapia, nilikuwa natabasamu, najua kabisa hakuna mwanaume mwingine aliyewahi kunigusa, kwa hiyo akili yangu haikwenda huko. Nilimwona yule kijana anatazama viatu vyake. Ndipo nikaelewa, kwa sababu nilimwona yeye ameelewa. Akasimama, akasema, "Basi, mtazungumza wenyewe kifamilia," akawasha pikipiki. Maji yake hata hakuyanywa.

Bibi yako ndiye aliyeanza. "Ladislausi, umesikia? Umelea mtoto wa watu."

Nikasema, "Mama, si kweli."

"Mashine imesema. Mashine ina ugomvi gani na wewe?"

Hilo ndilo lililoniua. Miaka yote watu walikuwa wanasema hili na lile juu ya mtu, na mtu anajitetea, anaita wazee, anaapa, mambo yanazungumzwa. Siku ile sikuwa na wa kumjibu. Nilimtazama baba yako. Nilingoja aseme neno moja tu, kwamba mke wangu namjua. Alikuwa anamtazama Alfonsi, anamkagua pua, anamkagua masikio. Halafu akakutazama wewe kwenye makapi. Akauliza, "Na huyu?"

Ulikuwa unaniuliza kwa nini bibi yako hakutaka ule naye sahani moja. Ndiyo hiyo sababu. Hukuwa umemkosea. Ulikuwa mtoto wa swali.

Nilikwenda ofisi ya kijiji kuwatafuta watu wa mradi. Nilimkuta mkubwa wao, mtu mzima mwenye miwani, nikapiga magoti nikamwomba wapime tena. Akaniambia kwa upole kwamba majibu ya baba ni siri ya baba, hawezi kuyazungumza na mimi. Siri! Yalikuwa yameshasomwa uani kwetu, kuku wanasikia. Nikamwambia hivyo. Akasema atalifuatilia. Nikamwomba baba yako aende yeye aombe kupimwa tena, akakataa. Alisema, "Nikajidhalilishe mara ya pili?" Bibi yako akanifungia vyombo vyangu kwenye kitenge.

Tukaondoka mchana, Severina, kijiji kizima kikiwa kimesimama milangoni. Wewe umeshika gauni langu, Alfonsi mgongoni, vyombo kichwani. Yule mama wa Kisukuma niliyemsema mumewe alitoka, akanitwika vizuri mzigo ulioanza kuinama. Aliniangalia tu, na mimi nikaelewa anafikiria benchi lile ambalo mume wake alilikalia.

Sasa nikuambie kitu ambacho kwenye semina yenu hawatakuambia. Mradi mwingine ulipokuja kijiji kile baada ya hapo, hakuna mwanamke aliyetoa damu. Hata mmoja. Nimesikia waliandika kwamba jamii ile ina imani potofu. Lakini wanawake wale hawakuogopa mumiani. Walimwona Kanisia, mama yako, akiondoka na vyombo kichwani. Ukitaka kumkataa mgeni msomi huwezi kumwambia, "Naogopa mkimpima mume wangu vibaya ataniacha." Utamwambia, "Tunaogopa mumiani." Atacheka, ataandika, ataondoka, na wewe utabaki na ndoa yako. Wewe na mwenzako mlikuwa mnacheka kitenge tu, mwenye kitenge hamkumwona.

Masagati unapajua. Hakuna aliyeniuliza chochote. Mama yangu alitazama mizigo akaweka maji jikoni. Dawa za Alfonsi zilikwisha. Nilituma ujumbe kwa watu wa mradi kupitia kwa mtu aliyekuwa anashuka, wakajibu dawa zinatolewa kijiji kile tu, nimlete mtoto. Nimlete wapi? Nimlete nyumba gani?

Masika ikaingia. Homa ikampanda Alfonsi, kifua kikambana, akawa anavuta pumzi fupi fupi kama mtu anayepanda mlima. Mjomba wako Gaudensi akanipakia kwenye pikipiki, mtoto kifuani kwangu nimemfunga kwa kanga, tushuke hospitali ya Mlimba. Mvua ilikuwa imenyesha juu. Tulipofika mtoni daraja la miti halikuwepo. Maji yalikuwa mekundu, yanashuka na magogo. Ng'ambo tuliwaona watu, tukawapigia kelele, wakatunyooshea mikono tungoje. Tukangoja. Gaudensi alijaribu kuingia, maji yakambeba, akashika mzizi akarudi. Alfonsi aliniuliza kama tumefika kwa baba. Nikamwambia bado kidogo. Jioni maji yalianza kupungua. Yeye alikuwa amekwisha nyamaza.

Sitaki udondoshee machozi mahali hapa. Soma uendelee.

Baba yako alioa. Hilo unalijua, Mama Beno unamwita mama mdogo na sikatazi, hajanikosea. Beno alizaliwa mzima, kama Alfonsi alivyozaliwa mzima. Halafu vidole vikavimba. Bibi yako alipoviona vidole vile, nasikia, alikaa chini kwenye vumbi. Walimpeleka mtoto hospitali, daktari akawapima wote. Mama Beno ana kinasaba. Baba yako anacho. Alikuwa nacho tangu tumboni mwa mama yake, anacho leo, atazikwa nacho. Yale majibu aliyosomewa uani hayakuwa yake. Vichupa vilibadilishana mahali fulani, kwenye benchi au kwenye sanduku la barafu au hukohuko kwenye mashine, hadi leo hakuna aliyeniambia ni wapi. Na maana yake ni kwamba kuna mtu mwingine katika bonde hili aliambiwa jibu la Ladislausi. Sijui naye lilimfanya nini.

Baba yako alikuja Masagati na baba yake mdogo, wameleta mbuzi. Ulikuwa shuleni. Wewe nilikuambia amekuja kwa ajili ya ada yako. Alikaa kwenye kigoda, hakuweza kuinua uso.

"Mama Severina, nimekuja kuomba radhi."

Nikamwambia, "Kwangu unaomba ya nini? Mimi nilikuwa najua tangu siku ile. Nenda kamwombe yule uliyemkagua masikio."

Akalia. Yule baba mdogo akasema turudiane, kosa si la Ladislausi, ni la wapimaji. Nikasema, "Wapimaji walikosea kichupa. Huyu alikosea mke." Mbuzi nikamrudisha. Mama yangu alinilaumu kwa yule mbuzi mpaka kufa kwake.

Unaona basi, nina watu wa kuwachukia kwa zamu, na baba yako simpunguzii. Lakini yeye alikuja. Alikaa kwenye kigoda changu akalia. Wa mradi hakuja hata mmoja. Mkubwa mwenye miwani aliyesema atalifuatilia, nadhani bado analifuatilia.

Mwaka jana ukiwa chuoni, nikiwa hapa hapa barazani napiga pasi, akaja mwanaume na kibegi, kitambulisho shingoni. Alikuwa ameelekezwa na watu wa kijijini kwetu.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye mzazi wa Alfonsi?"

Nilikuwa sijasikia mtu baki akilitaja jina lile tangu tulipotoka mtoni. Niliweka pasi chini. Nilidhani wamekuja. Nakuambia ukweli wangu wa kijinga: nilidhani hatimaye wamekuja kusema pole. Nikamkaribisha kiti. Nikamletea maji, kama yule mwingine.

Akaanza kueleza kwamba kuna utafiti mpya, kwamba sampuli za ule mradi wa zamani zimehifadhiwa, na kwamba sasa utaratibu unataka ridhaa ya mzazi ili ziendelee kutumika.

"Sampuli gani?"

"Damu ya Alfonsi, mama."

"Alfonsi amekufa."

"Pole sana mama. Lakini sampuli yake iko vizuri."

Nikamuuliza iko wapi. Akasema iko nje ya nchi, kwenye baridi kali, salama kabisa, haiwezi kuharibika. Alilisema kama habari njema. Mimi nilikuwa nafikiria siku tulipomrudisha Alfonsi Masagati kwenye mvua, udongo ulivyokuwa mzito, Gaudensi anachimba huku maji yanajaa shimoni. Nilikuwa nimejipa moyo miaka yote kwamba angalau amepumzika mwili mzima.

Nikamuuliza, "Na damu ya baba yake, ile mliyoikosea, mliipima tena?"

Akapekua karatasi zake. "Hiyo haimo kwenye utafiti huu, mama."

Nikamwambia waimwage damu ya mwanangu. Waimwage chini, kwenye udongo, hata ukiwa wa huko huko walipo. Akasema atawafikishia wakubwa. Akanisogezea karatasi, safari hii na kalamu, dunia inaendelea. Sikusaini. Akashukuru, akanywa maji yote, akaondoka. Hajarudi.

Kwa hiyo ukija kuniambia niwe wa kwanza, majirani wanione, unaniambia nini hasa? Kwamba heshima hii niliyoijenga upya kwa sindano ya cherehani, sare moja baada ya nyingine, niwape tena wageni wakaitumie kama chambo? Niliwaponza watu kwa mdomo wangu mara moja. Hapana, Severina. Sitakupa damu yangu. Si kwamba sielewi. Naelewa kuliko wewe, na elimu yangu hiyo nimeilipia kwa mtoto.

Usiseme mama yako anachukia hospitali. Nikiumwa naenda, natoa damu, naitwa ndani peke yangu, mlango unafungwa, naambiwa jibu langu, natoka nalo kimya. Mama Beno akinipigia simu mtoto anaumwa, ni mimi ninayemwambia ampe maji mengi, amfunike, awahi hospitali asiende kwa mganga kwanza. Beno amekua. Anasoma. Dawa ninazijua na sizikatai. Nawakataa watu wanaochukua kwangu kitu kisha wakasahau kwamba kilikuwa changu.

Na kabla hujachumbiwa, nenda ukapime mwenyewe. Nilikukataza siku zote na ulidhani ni ushamba. Nilikuwa naogopa mashine itasema nini juu yako. Mashine ikikosea juu yangu nimeshazoea, juu yako ningeua mtu. Lakini umekua. Kapime hospitali, si kwenye mradi wenu, ukapime mara mbili, mahali pawili. Jibu ni lako. Usiniletee mimi, wala usimpe mchumba kabla hujalijua vizuri wewe.

Najua umeshaanza kujitetea hapo ulipokaa. Unasema sasa mambo yamebadilika, kuna kamati, kuna maadili, vichupa vina alama za kusomwa na mashine, vitu havichanganyiki tena. Inawezekana. Yule kijana wa pikipiki naye alikuwa na maadili, nadhani. Hakuwa mtu mbaya, hilo ndilo linalonikera. Angekuwa mwizi ningekuambia kaa mbali na wezi. Alikuwa kijana mzuri kama wewe, ana haraka kama wewe, anaamini kwamba anatusaidia. Alikuwa anatabasamu kama unavyotabasamu ukija kuniomba kitu.

Kesho sitakusindikiza stesheni. Nitatoka mapema kupeleka sare, na usinisubiri. Siwezi kukupungia mkono na uso huu nilio nao, utaondoka ukidhani ni wewe ninayekuchukia. Ninyi wawili mmoja yuko ardhini na mmoja anapanda treni kwenda kuwafanyia kazi watu wale wale, au ndugu zao. Nimejitahidi kulifurahia hilo tangu ulipopata barua ya kuitwa kazini, nimeshindwa.

Lakini sikuzuii. Ningekuzuia ungekwenda vilevile, na ungekwenda mjinga.

Nina jambo moja tu nakutuma. Siku utakapokutana na mkubwa wako wa kazi, mwache amalize kuwakaribisha. Mwache aseme yote kuhusu jamii na uelewa. Kisha simama umuulize: kuna mtoto anaitwa Alfonsi, mama yake Kanisia, alitolewa damu bonde la Kilombero, karibu na Mngeta, naye ameshakufa. Damu yake mmeiweka wapi, na mama yake akitaka imwagwe, anamwambia nani? Usiseme ni mdogo wako. Uliza kama mfanyakazi anayetaka kujua kazi yake.

Halafu mtazame usoni. Akichukua kalamu akaandika jina la mtoto, baki hapo, ujifunze kwake kila anachojua. Akikuambia hilo si eneo lako, kaa chini, usigombane naye. Utakuwa umeshajua kwa nini tunafunga milango, na siku utakapobisha mlango wa mwanamke akakuambia anaogopa mumiani, utamwamkia, utamwomba radhi kwa kumsumbua, na utaondoka bila kuandika kitu.

Mama yako,
Kanisia